Mjumbe, Wakili na Kura: Dhana za Uhuru na Serikali ya Uwakilishi kwa Rousseau, Mill na Shaaban Robert, kwa Ushahidi wa Pwani ya Tanga

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha dhana ya uhuru na dhana ya serikali ya uwakilishi katika fikra za Jean-Jacques Rousseau, John Stuart Mill na Shaaban Robert, kwa kutumia ushahidi wa maneno na wa historia ya pwani ya kaskazini ya Tanzania, hususan Tanga na Pangani. Inaelezwa kwamba maneno ya Kiswahili yanayotumiwa kutafsiria dhana hizo yana historia ambayo haikuanzia katika falsafa ya Ulaya, na kwamba historia hiyo inafichua maswali ambayo wanafalsafa wa Ulaya waliyagusa nusunusu. Hoja kuu ni kwamba Shaaban Robert, katika Kusadikika, anaupima uwakilishi kwa namna mjumbe anavyopokewa arudipo, ilhali wenzake wanaupima zaidi kwa namna anavyochaguliwa au anavyotenda.

1.0 Utangulizi

Katika ufundishaji wa falsafa ya siasa, maneno uhuru na uwakilishi huchukuliwa aghalabu kuwa ni tafsiri tupu za maneno ya Kizungu. Mwanafunzi huelezwa alichokisema Rousseau na alichokisema Mill, kisha hutafutiwa neno la Kiswahili la kubebea mawazo hayo. Utaratibu huo una kasoro mbili. Kwanza, unasahau kwamba neno linalotumiwa kutafsiria lilikuwa na kazi yake kabla ya kukabidhiwa kazi hii mpya, na kwamba maana ya kale haifi mara moja. Pili, unawanyima nafasi waandishi wa Kiswahili walioyashughulikia maswali yayo hayo kwa njia yao wenyewe.

Miongoni mwa waandishi hao, Shaaban Robert anastahili nafasi ya kwanza. Alizaliwa Vibambani, karibu na mji wa Tanga, mwaka 1909, akatumikia serikali ya kikoloni kwa miaka mingi katika idara ya forodha na katika ofisi nyinginezo, akafariki dunia Juni 1962, yaani takriban nusu mwaka tu baada ya Tanganyika kujitawala. Wahakiki wamemsoma zaidi kama mshairi na kama mwalimu wa maadili. Makala haya yanamsoma kama mtu aliyekuwa na nadharia ya siasa.

Mbinu inayotumika hapa ni ya kiisimu. Hanna Pitkin, katika uchambuzi wake wa dhana ya uwakilishi uliochapishwa mwaka 1967, alionyesha kwamba wanafalsafa waliobishana juu ya jambo hili kwa karne nyingi walikuwa kila mmoja ameshika upande mmoja wa maana ya neno, akidhani ameshika neno zima. Yeye alichunguza lugha za Ulaya. Inafaa kuuliza ni pande zipi zinazoonekana neno hilo linapochunguzwa katika Kiswahili, na hasa mahali ambapo Kiswahili kilikuwa lugha ya mji, ya soko na ya mahakama kabla ya kuwa lugha ya taifa.

2.0 Uhuru na Ungwana katika Pwani ya Mrima

Neno huru limetokana na Kiarabu, na katika miji ya pwani lilitaja kwanza hadhi ya mtu mbele ya sheria. Mtu alikuwa ama huru ama mtumwa, na mtumwa aliyeachwa na bwana wake alipewa hati ya kuthibitisha kuachwa huko. Kamusi Sanifu iliyohaririwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939 bado inalieleza neno hilo kwanza kwa kumlinganisha mtu huru na mtumwa. Maana ya taifa kujitawala, ambayo leo ndiyo ya kwanza kumjia msemaji akilini, ilikuja kutawala baadaye, hasa katika harakati za miaka ya 1950.

Hata hivyo, katika mji kama Pangani, kuwa huru hakukutosha. Juu ya huru palikuwa na muungwana, yaani mtu aliyehesabiwa kuwa mwenyeji wa mji, mwenye nasaba inayojulikana, mwenye haki ya kusema barazani na kusikilizwa. Mtumwa aliyeachwa alikuwa huru, lakini aliweza kuishi na kufa bila kuitwa muungwana. Kati ya mtumwa na muungwana palikuwa na ngazi nyingi: watumwa wa mashamba ya miwa katika bonde la mto Pangani, wazalia waliozaliwa na kulelewa pwani, na watumwa waliojitafutia kazi ya ujira na kuwapa mabwana wao sehemu ya pato. Neno kibarua, ambalo leo humtaja mfanyakazi wa kutwa awaye yote, lina asili yake katika kijibarua alichopewa mtu wa namna hiyo.

Tofauti hii ya huru na muungwana inasaidia kuyafahamu matukio ya mwaka 1888. Mwezi Aprili mwaka huo Sultani Khalifa bin Said wa Unguja alitia saini mkataba wa kuikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki usimamizi wa pwani kwa miaka 50. Kampuni ilipotaka kuushika mji wa Pangani mwezi Agosti, watu walikataa, na upinzani ukaenea pwani nzima. Abushiri bin Salim, aliyekuwa mwenye shamba la miwa na watumwa karibu na Pangani, ndiye aliyejulikana zaidi miongoni mwa viongozi wake. Alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Vita hivyo vilitungiwa utenzi na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, ambao ni miongoni mwa maandishi makuu ya Kiswahili kuhusu kuja kwa utawala wa Kijerumani.

Jonathon Glassman (1995) ameonyesha kwamba watu waliosimama pamoja mwaka 1888 hawakuwa na dai moja. Majumbe na wenye mashamba walitaka mji wao usiamuliwe mambo yake na mgeni, awe Mjerumani au hata liwali wa Sultani. Watumwa, wapagazi na watu waliotoka bara walitaka kuhesabiwa kuwa wenyeji wa mji. Kwa maneno mengine, kundi la kwanza lilitaka uhuru wa mji, na kundi la pili lilitaka ungwana ndani ya mji. Mtu aliyepigania la kwanza aliweza kuwa adui wa la pili, kama inavyodhihirika kwamba kiongozi mashuhuri wa kuutetea mji dhidi ya mgeni alikuwa mwenyewe mmiliki wa watu.

Aidha, kuondolewa kwa utumwa kisheria hakukulimaliza swali hili. Wajerumani hawakuufuta utumwa moja kwa moja, na sheria ya kuufuta ilitolewa na Waingereza mwaka 1922. Lakini katika mashamba ya mkonge ya Tanga mtu huru kisheria aliitwa manamba, kwa kuwa alitambulika kwa namba, na siku zake za kazi zilihesabiwa katika kipande. Mtu huyo hakuwa mtumwa wa mtu, wala hakuwa muungwana wa mahali popote.

3.0 Uhuru kwa Rousseau, Mill na Berlin

Rousseau, katika kitabu chake juu ya mkataba wa jamii kilichotoka mwaka 1762, anauona uhuru kuwa ni kutii sheria ambayo mtu amejiwekea mwenyewe akiwa pamoja na wenzake. Kwa hiyo hakubali kwamba mamlaka ya watu yanaweza kuhamishiwa kwa wachache. Anawacheka Waingereza wanaojidhania huru, ilhali kwa maoni yake uhuru wao hudumu wakati wa uchaguzi tu, na wabunge wakishachaguliwa watu hurudia utumwa. Ubora wa hoja hii ni kwamba haimruhusu raia kulala. Hatari yake ni kwamba yeyote adaiye kuijua nia ya jumla ya watu anaweza kumlazimisha mwenzake, kisha akamwambia kwamba amemweka huru.

Mill, katika insha yake juu ya uhuru ya mwaka 1859, anaanza upande wa pili. Kwake, jambo la kulindwa ni mtu mmoja mmoja dhidi ya serikali na hata dhidi ya rai ya wengi. Jamii haina ruhusa ya kumzuia mtu kwa nguvu ila pale anapowadhuru wengine. Fikra iliyonyamazishwa huenda ikawa kweli, au ikawa na sehemu ya kweli. Na hata ikiwa uongo mtupu, kuizima kunaifanya kweli yenyewe ishikwe kwa mazoea bila kueleweka. Katika kitabu chake juu ya serikali ya uwakilishi cha mwaka 1861, Mill anaongeza kwamba utawala mwema hupimwa kwa mambo mawili: namna unavyoendesha shughuli, na namna unavyowakuza watu wenyewe kiakili na kitabia.

Lakini Mill, aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya Hindi, aliweka mipaka miwili ambayo msomaji wa Tanga hawezi kuipita bila kusimama. Alisema kanuni yake ya uhuru haiwahusu watu wa jamii alizoziona bado changa, na kwamba hao waweza kutawaliwa kwa amri madhali lengo ni kuwaendeleza. Pia alipendekeza kwamba wenye elimu wapewe kura zaidi ya moja. Mipaka hiyo miwili ilikuja kuonekana katika sheria za Tanganyika, kama itakavyoelezwa katika sehemu ya sita.

Mwanafalsafa wa tatu anayefaa kutajwa ni Isaiah Berlin. Tarehe 31 Oktoba 1958, katika mhadhara wake mashuhuri wa Oxford, alipambanua uhuru hasi, yaani kutozuiwa na wengine, na uhuru chanya, yaani mtu kujitawala mwenyewe. Kisha akataja jambo la tatu: tamaa ya watu au ya taifa ya kutambuliwa na kuheshimiwa. Berlin alisema tamaa hiyo ni halali na ina nguvu kubwa, lakini siyo uhuru wenyewe, kwa kuwa mtu anaweza kuheshimiwa na watawala wa kabila lake huku akinyimwa uhuru na hao hao. Msemaji wa Kiswahili cha pwani atatambua mara moja kwamba jambo hilo la tatu lina jina kongwe, nalo ni ungwana. Watu wa Pangani hawakuhitaji kungoja mwaka 1958 ili kujua kwamba uhuru na ungwana ni vitu viwili. Walichokijua zaidi ya Berlin ni kwamba huru asiyehesabiwa kuwa muungwana ana uhuru mwembamba, maana neno lake halisikilizwi popote.

4.0 Maneno ya Uwakilishi

4.1 Wakili na mwakilishi

Wakili ni neno la sheria lililotokana na Kiarabu. Wakili hupewa idhini na mtu mwingine atende jambo fulani kwa niaba yake, kwa mipaka iliyowekwa. Akitenda nje ya mipaka, tendo lake halimfungi aliyemtuma. Mkataba wa Aprili 1888 unaweza kuelezwa kwa neno hili bila kuhitaji falsafa ya kigeni: Sultani alitenda kama wakili wa watu wa mrima katika jambo ambalo hawakumpa idhini.

Kitenzi wakilisha kinaleta jambo la kupendeza zaidi. Kwa umbo lake kina kiambishi cha kusababisha, na maana yake ya msingi ni kumfanya mtu awe wakili. Maana hiyo ingali hai katika ndoa ya Kiislamu, ambapo walii humwakilisha shehe ili afungishe nikahi kwa niaba yake. Hapa mtenda ni mwenye haki, na mtendwa ni anayekabidhiwa kazi. Kwa kanuni hiyo, mwakilishi angepaswa kuwa yule anayetoa madaraka. Lakini katika lugha ya siasa ya leo sentensi imepinduka: husemwa kwamba mbunge anawawakilisha wananchi. Mwenye haki, aliyekuwa mtenda wa kitenzi, amekuwa mtendwa wake. Maana hii mpya imekwisha kuzoeleka, na matumizi rasmi yameithibitisha, kama ionekanavyo katika Baraza la Wawakilishi la Zanzibar lililoanza mwaka 1980, na katika Kenya ambako tangu 2013 diwani huitwa mwakilishi wa wadi. Makala haya hayapendekezi kuirudisha nyuma lugha. Yanaonyesha tu kwamba katika mabadiliko hayo sarufi imemsahau yule anayetoa idhini, na kwamba onyo la Rousseau juu ya raia anayelala baada ya uchaguzi limejichora katika muundo wa kitenzi.

4.2 Mjumbe na balozi

Mjumbe ni mtu aliyetumwa na ujumbe. Katika miji ya pwani, jumbe alikuwa mkuu wa mji au wa kijiji, na ukaribu wa maneno haya mawili unastahili kuangaliwa. Leo mjumbe ni neno la kawaida la kumtaja mtu aliyemo katika kamati, mkutano au halmashauri. Tofauti na wakili, mjumbe hatajwi kwa mipaka ya idhini yake, bali kwa safari yake: anatoka mahali, anafika mahali, na anatarajiwa kurudi na jawabu.

Utaratibu wa nyumba kumi ulioanzishwa na TANU katika miaka ya 1960 ulitumia maneno mawili kwa cheo kimoja: mjumbe wa nyumba kumi na balozi wa nyumba kumi. Balozi humwakilisha mkubwa wake mbele ya mgeni. Swali linalozuka ni hili: je, mtu huyo alikuwa balozi wa nyumba kumi katika chama, au balozi wa chama katika nyumba kumi? Muundo wa maneno hayo unaruhusu majibu yote mawili, na uzoefu wa watu nao uliyaruhusu yote mawili.

4.3 Kura

Neno kura nalo limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni bahati nasibu: vijiti au karatasi zinazotupwa ili kuamua jambo bila upendeleo. Kiswahili kinatumia usemi ule ule, kupiga kura, kwa bahati nasibu na kwa uchaguzi. Huenda msomaji akaona huu ni upungufu wa msamiati. Lakini Aristotle alikwisha sema kwamba kuwapata viongozi kwa bahati nasibu ni jambo la kidemokrasi, ilhali kuwachagua ni jambo la utawala wa wachache, kwa kuwa uchaguzi huwapendelea wenye mali, jina au elimu. Waathene walizipata nyingi za nafasi zao kwa bahati nasibu. Neno kura, kwa hiyo, limezibeba njia zote mbili, na linaweza kumkumbusha mwanafunzi kwamba kuchagua si njia pekee iliyowahi kuitwa demokrasia.

5.0 Mjumbe Anayerudi: Nadharia ya Kusadikika

Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya udhamini wa Uingereza. Ni habari ya nchi iliyo angani. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuanzisha elimu ya sheria. Katika kujitetea, Karama hasemi sana juu ya nafsi yake. Kwa siku sita anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande zote nne za dunia, mbinguni na ardhini, ili wakatafute mambo ya kuifaa nchi. Kila mmoja alipata taabu kubwa, akarudi na manufaa, na kila mmoja akatiwa kifungoni badala ya kusikilizwa. Mwishoni Karama anashinda na wafungwa wanafunguliwa.

Wahakiki wengi wameisoma hadithi hii kama fumbo juu ya ukoloni, na wengine kama onyo kwa utawala wowote wa kibinadamu. Rai zote mbili zina msingi. Linalostahili kuongezwa ni kwamba Shaaban Robert aliyachagua maneno yake kwa uangalifu. Watu wake sita hawakuwa mawakili, kwa kuwa hawakupewa idhini ya kufunga mkataba. Hawakuchaguliwa kwa kura. Walikuwa wajumbe, na kosa la Kusadikika halikuwa katika namna ya kuwatuma. Serikali iliwatuma vizuri, na wao walitenda vizuri. Kosa lilikuwa katika kuwapokea.

Hapa ndipo tofauti yake na wenzake inapoonekana. Rousseau anatilia shaka tendo lenyewe la kumtuma mtu asimame badala ya watu. Mill anakubali kutuma, lakini anashughulika na ubora wa mtu anayetumwa, na anakataa mbunge afungwe na ahadi alizotoa kwa wapiga kura, kwa hoja kwamba huenda akawa na maarifa kuliko wao. Edmund Burke alikwisha waambia wapiga kura wake wa Bristol jambo la namna hiyo mwaka 1774. Shaaban Robert anauliza swali la tatu: mjumbe akirudi na habari isiyopendeza, nini kitampata? Ikiwa jawabu ni kifungo, basi hata kura safi na mjumbe mwema havitaifaa nchi, kwa kuwa njia ya habari imekatwa.

Kwa mintarafu hiyo, uhuru wa kusema katika Kusadikika hausimami kama haki ya mtu mmoja inayodaiwa dhidi ya jamii. Ni kiungo cha uwakilishi wenyewe. Yuko karibu na Mill anapoonyesha kwamba jamii inayomnyamazisha mtu inajinyima yenyewe manufaa. Lakini anakwenda hatua moja mbele kwa kuiunganisha hoja hiyo na sheria: kosa la Karama ni kutaka watu wajifunze sheria, yaani wajue namna ya kumtetea mjumbe aliyerudi. Bila taasisi ya kumsikiliza, wema wa mfalme ni bahati tu. Udhaifu wa hadithi uko papo hapo, maana wokovu wa Karama unategemea hatimaye kwamba barazani wapo watu walio tayari kusadikishwa. Shaaban Robert hakueleza itakuwaje ikiwa hawapo.

Mawazo ya namna hii hayakuwa ya mwandishi mmoja tu katika eneo hilo. Nyuma ya pwani, milimani Usambara, Steven Feierman (1990) ameeleza jinsi Washambaa walivyompima mtawala kwa semi mbili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mtawala hakupigiwa kura, lakini alihojiwa kwa mvua, mavuno na amani. Waingereza walipowatumia machifu kulazimisha matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, wakulima walikataa, na mjadala wao juu ya machifu ukawa mjadala juu ya nani hasa anaisemea nchi. Uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini swali la namna ya kumhoji mtawala halikufutika pamoja nao.

6.0 Dhana Zilizowekwa Mizanini: Kutoka 1958 hadi 1992

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1926. Hadi Desemba 1945 halikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja, na wawili wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliteuliwa na serikali. Kwa mizani ya maneno yaliyochambuliwa hapo juu, walikuwa wajumbe wasiotumwa na wale waliotakiwa kuwasemea.

Uchaguzi wa kwanza wa nchi ulifanyika kwa awamu mbili, na Jimbo la Tanga lilikuwa katika awamu ya kwanza, Septemba 1958. Mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa maalumu. Tena alilazimika kuwapigia kura watu watatu, Mwafrika, Mhindi na Mzungu, la sivyo kura yake iliharibika. Utaratibu huu wa kura tatu ni mtoto wa mipaka ya Mill: elimu na mali vilifanywa kuwa mlango wa uraia, na usawa wa idadi ukawekwa kando. Mkutano wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958 uligawanyika juu ya kushiriki au kususia. Julius Nyerere aliwashawishi wajumbe washiriki, Zuberi Mtemvu akajitenga na kuunda chama chake, na TANU ikashinda. Wakulima na manamba wengi wa Tanga hawakuwa na haki ya kupiga kura hiyo. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba wiki chache tu baada ya watu wa Tanga kupiga kura, Berlin alikuwa Oxford akieleza kuwa kutambuliwa siyo uhuru.

Miaka iliyofuata iliipa hoja yake uzito, ingawa si kwa namna ya kuifuta ile ya upande wa pili. Uhuru wa taifa ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na pamoja nao ungwana wa kweli: Mwafrika hakuwa tena mgeni katika baraza la nchi yake. Lakini mwaka 1962 ilipitishwa sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, na pendekezo la kuziingiza haki za binadamu katika katiba lilikataliwa. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. Nyerere, aliyesoma Edinburgh hadi 1952, alikuwa amekwisha eleza katika maandishi yake ya mwaka 1963 kwamba mahali ambapo chama ni kimoja na kinalingana na taifa zima, watu wanaweza kuwachagua viongozi wao kwa uhuru zaidi kuliko penye vyama vinavyogombana. Hoja hii ina harufu ya Rousseau, aliyeyachukia makundi yanayoigawa nia ya jumla.

Haitakuwa haki kuihukumu hoja hiyo bila kuangalia utendaji wake. Katika uchaguzi wa 1965 kila jimbo, ila machache, lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na hata baadhi ya mawaziri walishindwa. Watu waliweza kumwondoa mjumbe. Ambacho hakikuwa na ulinzi wa kutosha ni mjumbe aliyerudi na habari isiyokipendeza chama. Kwa lugha ya Kusadikika, mlango wa kutuma ulifunguliwa, na mlango wa kupokea ukaachwa mikononi mwa Majivuno yeyote atakayetokea.

Marekebisho yalikuja kwa hatua. Haki za binadamu ziliingizwa katika katiba mwaka 1984, zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Mwaka 1991 iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni juu ya mfumo wa vyama. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, wengi wao wakitaka kirekebishwe. Hata hivyo, tume ilipendekeza vyama vingi, na sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Tukio hili ni mtihani mzuri wa darasani. Rousseau angelalamika kwamba nia ya wengi imepuuzwa. Mill angesifu kwamba wachache wamepewa nafasi. Kwa mizani ya Shaaban Robert, jambo la kwanza la kuangaliwa ni kwamba tume ilirudi na habari ambayo haikutarajiwa, ikatoa sababu zake, na wajumbe wake hawakutiwa kifungoni.

7.0 Hitimisho

Ulinganishi huu umeonyesha mambo matatu. Kwanza, uhuru katika Kiswahili cha pwani ulianza kama hadhi ya mtu, ukawa dai la mji, kisha ukawa jina la siku ya taifa, na kila maana mpya ilielekea kuifunika ile iliyotangulia. Taifa laweza kuwa na uhuru wa maana ya tatu huku raia wake akiukosa ule wa maana ya kwanza. Pili, maneno ya uwakilishi hayabebi ahadi moja. Wakili anaahidi kutovuka idhini, mjumbe anaahidi kurudi, na kura inaahidi kutopendelea. Serikali ya uwakilishi inayotimiza moja ya ahadi hizo na kuziacha nyingine itaonekana nzuri kwa mwanafalsafa mmoja na mbaya kwa mwingine. Tatu, Shaaban Robert aliona ahadi ambayo Rousseau na Mill waliipitia kwa haraka, nayo ni ile ya wanaopokea.

Kwa walimu wa isimu na wa falsafa, matokeo yake ni ya kivitendo. Istilahi za siasa zisifundishwe kama vyombo vitupu vinavyongoja kujazwa na fikra za nje. Mwanafunzi anayejua kwa nini mtu huru wa Pangani hakuitwa muungwana, na kwa nini walii ndiye anayemwakilisha shehe, atamsoma Mill kwa macho mawili. Naye anayeisoma Kusadikika pamoja na insha ya mwaka 1859 ataona kwamba katika mji wa Tanga, chini ya serikali ya kigeni na kwa lugha ya wenyeji, aliishi mtu aliyelifikiri swali hilo hilo, akaliacha katika mikono ya wasomaji wake likiwa limebakiwa na sehemu moja ngumu: namna ya kumlinda mjumbe mahali ambapo barazani hakuna aliye tayari kusadikishwa.